Pangoni kwa Popo wa Songwe

Shangazi yangu wa Kihesa husema makalio yangu hayajui kigoda. Ni kweli, hata shule sikuikalia sana. Basi dereva mmoja aliponiambia kwamba huko Songwe, mbele ya Mbeya, kuna kilima kilicho kitupu ndani, na mawe yake yamechuruzika kama mshumaa, sikutulia mpaka nilipopanda lori lake.

Tulipofika Igawa tulikula wali, vumbi likiwa kitoweo. Tulipoipita Mbeya barabara iliteremka kwenye joto, na dereva akanishusha penye njia ya miguu.

Kijijini nilipokewa na Mama Seba, mjane wa Kisafwa, ambaye huzoa mavi ya popo pangoni kuwa mbolea ya kahawa yake.

"Kamwene, mama!" nikamwamkia kwa Kihehe.

Akacheka. "Mhehe! Umefikaje huku bila pombe yenu ya ulanzi?"

Aliponifikisha mlangoni mwa pango niliona giza tupu. Mama alipokuwa bado anafunga kibwebwe, nikawasha mwenge wa majani makavu. Moshi ukatangulia ndani. Mara popo wakafumka, wengi mno, kama mlima unapumua. Mama akaninyang'anya mwenge, akaukanyaga.

"We baba! Humu hatuingii na moto! Wakihama hawa, kahawa yangu itakula nini?"

"Nisamehe, mama."

"Waombe wao. Sasa ingia, ukae. Macho yatazoea."

Nikakaa. Polepole nuru ya tundu la juu ikanionyesha nguzo nyeupe zilizoshuka kutoka darini, na nyingine zilizoota chini kuzilaki. Mbili zilikuwa zimebakiza upana wa kidole tu zikutane. Tone la maji likaanguka kati yake. Sijaona nyumba nzuri kama ile, wala fundi mwenye subira kama yule. Lakini darini hapakuwa na popo hata mmoja.

Alfajiri ya kesho yake tulikwenda tena, tukangoja nje kimya. Mama alikuwa amekumbatia kikapu kitupu. Kulipopambazuka akaja popo mmoja, kisha kundi, kisha mto mzima, wakamiminika ndani juu ya vichwa vyetu.

Mama akanisukuma bega. "Haya, Mhehe. Beba kikapu."

Nikabeba mpaka mgongo ukanuka popo.

Sasa nimerudi Kihesa, nikijua kwamba uzuri mwingine haumulikwi, husubiriwa. Jana, baada ya chai, nilikaa kigodani jikoni mwa shangazi, nikitazama nuru ikipenya paani na kuviamsha vyungu kimoja kimoja. Shangazi akaja, akanigusa paji la uso.

"Mwanangu," akasema, "unaumwa?"