Kompyuta ya Mbuzi Mmoja

Mwezi uliopita nilipita Kajiado, nyumbani kwa nyanya, nikakuta kuku ameatamia ndani ya kompyuta yangu. Kuku sikumjua, lakini kompyuta niliitambua mara moja: kasha la bati, pana na jembamba, la kulazwa mezani, kifuniko hakipo. Mtu alikuwa ameliweka juu ya mawe nyuma ya jikoni na kulijaza nyasi kavu. Nikachuchumaa. Kuku akanitazama kwa jicho moja, kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji wa zamani.

Wewe uliyeanza kucheza michezo kwenye simu, acha nikueleze ilivyokuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha kwanza. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa. Nilijaribu kuuza maji kwa mkokoteni, nikajaribu kushona viatu, nikafuga sungura, na kila kimoja nilikiacha katikati. Nyumbani kwetu Kitengela jambo hilo lilikuwa utani wa mezani. Mama, Mkamba wa Machakos ambaye mikono yake haikujua kutulia, alisema hata chai yangu huwa naiacha nusu kikombe.

Kisha nikauona mchezo wa mbio za magari kwenye saiba, duka la intaneti la pale stendi. Gari lilipokata kona, kioo cha nyuma kilionyesha vumbi. Sikutaka tu kuliendesha gari lile. Nilitaka kujua vumbi lilitoka wapi. Nikauliza maswali mpaka mwenye saiba akaniambia nikanunue kompyuta yangu niiulize mwenyewe.

Nilichokuwa nacho ni mbuzi. Nyanya, mama yake baba, tuliyemwita Koko kwa Kimaasai, alikuwa amenitengea jike mmoja nilipozaliwa, na katika kizazi chake kulikuwa na beberu aliyehasiwa, mnene, mwenye ngozi ya kung'aa. Nikaenda Kajiado. Nikainamisha kichwa, nyanya akakigusa, nikamweleza shida yangu.

"Hiyo kompyuta inakula nini?"

"Stima, Koko."

"Inazaa?"

"Haizai."

"Na bado unataka kuuza mbuzi."

Alivuta ugoro, akapiga chafya, akanitazama. "Uza. Lakini hii umalize. Krismasi nakuja Kitengela kuona ikitembea. Kama haitembei unarudi na mimi huku kuchunga, na hakuna cha kuniambia umechoka."

Siku ya soko tulikwenda pamoja. Baada ya beberu kupata mnunuzi, nyanya alitaka kununua jike wa kuongeza kundini. Nilidhani angemchukua mrefu mwenye kifua kipana aliyekuwa akisifiwa na kila mtu. Alimfungua mdomo akaona meno, akambonyeza mgongo, akataka atembezwe. Halafu akauliza, "Huyu atatembea na nani?" Mbuzi wake walikuwa wafupi, wa kupanda mawe. Mrefu angetangulia mbele peke yake, au angechoka kwa kusubiri wenzake. Akamwacha, akachukua mfupi mwenye macho makali. Mimi niliona ni uzee.

Duka la kompyuta kuukuu Kitengela lilikuwa na harufu ya plastiki iliyopata moto na mandazi ya jirani. Mashine zilitoka maofisi ya ng'ambo, zikapangwa chini kama matofali. Nilichagua vizuri mwanzoni. Nilichukua kasha lenye prosesa nzuri, nikalipima kwa kuliwasha na kuliacha lingurume mpaka nikaridhika. Nikaongeza ram, vile vijibao vya kumbukumbu, nikakataa kimoja kilichokuwa na kutu kwenye meno. Ikabaki kadi ya picha, ile inayochora magari na vumbi lake. Kulikuwa na mbili: fupi isiyo na feni, iliyoingia kwenye kasha langu bila shida, na ndefu yenye feni kubwa.

"Boss," muuzaji akasema, "hiyo fupi ni ya kuandikia chifu barua. Wewe unataka kukimbiza gari ama unataka kitambulisho?"

Nikachukua ndefu.

Haikuingia. Niling'oa kipande chake cha chuma cha ubavuni, ikaingia, lakini ikasimama juu ya kasha kama pembe na kifuniko kikawa hakifungiki tena. Sikujali. Gari lilikimbia, kona zikakatika, vumbi likatimka kwenye kioo. Kila siku nilipuliza vumbi lingine, lile la Kitengela, lililoletwa na malori ya mawe na kulala juu ya kila kitu.

Krismasi nyanya akafika na kibuyu cha maziwa. Mama alikuwa ameamka mapema kuiandaa sebule: vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye viti, kwenye redio, kwenye meza, na kikubwa kuliko vyote, chenye nyuzi za kuning'inia, juu ya kompyuta. Kukiondoa mbele ya mgeni kungekuwa kumvua mama nguo. Nikawasha hivyohivyo.

Nyanya alisogeza kiti. Gari likaondoka. Alicheka lilipogonga ukuta, akaniuliza kama dereva ana watoto. Kisha kioo cha kompyuta kikajaa mistari ya kijani, kikawa cheusi, na harufu ikatoka.

"Imelala?" akauliza.

"Imekufa, Koko."

Nilianza kufikiria viatu vya kuchungia.

Nyanya akaweka kiganja juu ya bati. "Bado ina moto. Sasa umekaa unangoja nini? Mnyama akikufa unapasua, unaona alikufa na nini. Kuna wengine nyumbani, nao wasife hivyo."

Nikaleta bisibisi. Aliinama pamoja nami, pua yake karibu na madabodi, ule ubao mkuu wa mashine. Uzi wa kitambaa ulikuwa umevutwa na feni ya kadi na kujisokota shingoni mwake mpaka ikasimama.

"Mashine yako imekula kitambaa changu," mama akasema, na hakuwa anacheka.

Nikachomoa kadi, nikailaza kwenye kona ya kasha na uzi wake, nikaunganisha kioo kwenye mdomo wa zamani wa kasha, ule usiohitaji kadi. Mashine ikaamka, lakini bila magari. Ilibaki na mchezo wa karata tu. Nyanya akatazama malkia na wafalme wakipangwa.

"Inatembea," akasema. Akaomba chai.

Sikurudi Kajiado kuchunga. Nilizurura kwingine, Namanga, Athi River, Rongai, nikitengeneza kompyuta za watu. Lile duka sasa linauza vigae. Vijana huagiza vipande kwa simu bila kuvigusa. Nyanya alilichukua kasha miaka ya baadaye, nilipopata jingine, na kabla ya kufariki alikuwa akiweka ndani yake mahindi ya mbegu.

Nilipoingiza mkono chini ya nyasi nilipapasa kona moja ya bati. Kadi ndefu ilikuwa bado imelala pale, uzi mweupe shingoni mwa feni. Nilitaka kuichukua. Kuku akanidonoa. Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, nikamwacha amalize.