Alilosema Baba Dirisha Likiwa Wazi

Mtu akiniuliza kama nimewahi kupanda ndege, namjibu mara mbili tu, kwenda na kurudi, na ile ya kurudi nilishuka na maiti. Wengi huishia hapo. Leo nasema mwenyewe bila kuulizwa, maana nimechoka kusikia ukoo wetu ukisimulia habari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo ilipotokea.

Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi huku Meru, na mwinjilisti wa Kilutheri. Alikuwa mpole kanisani na mkaidi kila mahali pengine. Kaka yangu, mzaliwa wake wa kwanza, aliuza kipande cha kihamba, shamba la ukoo lile linalotoka kwa babu kwenda kwa mjukuu, akampa mtu wa mjini aliyetaka kujenga. Kipande chenyewe ndicho alicholala mama yetu. Mnunuzi akazungusha ukuta, na kaburi likabaki ndani ya uzio wa mtu tusiyemjua. Simtetei kaka. Alikuwa na shida, sawa, lakini shida tunazo wote na hatuuzi makaburi.

Baba hakupiga kelele. Aliita wazee, akafungua mlango wa nyumba hadi mwisho, akauwekea jiwe usijirudi, ndipo akasema. Nyumbani kwetu neno zito halikusemwa mlango ukiwa umefungwa. Likisemwa mlango umefungwa ni umbea, halimfungi wala halimfungui mtu. Mlango ukiwa wazi wanasikia waliotangulia, wanasikia majirani, na hakuna atakayesema limesemwa kwa siri. Baba akanyoosha mkono kwa kaka akasema, "Huyu asinitupie udongo."

Kwetu mzaliwa wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kwenye kaburi la baba yake. Mtoto aliyezuiwa ni kama hakuzaliwa pale. Hagawi nyama, haitwi kwenye kikao, na watoto wake wakienda kuposa wanaulizwa huyo baba yenu ana nini na babu yenu. Radhi ni bora kuliko mali, tunafundishwa hivyo tangu utotoni, na kaka alifundishwa pamoja na mimi.

Baada ya hapo baba alifunga mzigo wake, akasema hawezi kunywa maji akiutazama ukuta ule. Akahamia kwenye kituo cha misheni mbali huko tambarare, kwa wafugaji, akifundisha katekisimu. Tulimbembeleza arudi. Sikio la kufa halisikii dawa. Kaka naye akaacha pombe, akawa mtu wa kuimba kwaya kanisani huko Daraja Mbili, na kila Jumapili akipita kwangu Elerai swali lilikuwa lile lile: mzee amesema lolote? Nami nilikuwa namjibu vibaya, maana nilikuwa na hasira naye bado. Mama alikuwa mama yangu pia.

Siku muuguzi wa kituo aliponipigia simu, mvua zilikuwa zimekata barabara. Akasema mzee moyo wake umechoka, maji yamejaa mapafuni, akilala chali anazama. Akasema pia kwamba mzee anataka kurudi nyumbani kwa sababu ana neno na mwanawe wa kwanza. Nikamuuliza neno gani. Hakujua. Mzee alisema neno lake atalisemea kwao, si kwenye ardhi ya watu.

Misheni ilikuwa na ndege ndogo ya kubebea wagonjwa, na ndugu mmoja aliruhusiwa kwenda kumchukua. Kaka alitaka awe yeye. Nikamwambia, "Akikuona wewe huko atakufa kwa hasira kabla hajapanda. Kaa Kisongo uwanjani utusubiri." Akakubali. Alikuja asubuhi ile kunisindikiza ameshika jani la sale, lile jani ambalo kwetu mtu hulishika akienda kuomba msamaha, amelifunga kwenye kitambaa chenye maji lisinyauke. Mtu mzima, ana mvi, anashika jani kwa mikono miwili. Hasira zangu zilipungua pale, nakiri.

Rubani alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu. Kabla hatujaruka alinionyesha mlango na namna ya kuufunga, kisha akaniambia jambo ambalo lilinitisha badala ya kunituliza. Akasema ndege hizi ndogo si kama zile kubwa za Ulaya. Mlango ukifunguka angani haumvuti mtu nje. Kelele zitakuwa nyingi, upepo utaingia, lakini upepo huo huo unaubana mlango usiende mbali. "Wanaokufa," akasema, "ni wale ambao rubani wao ameacha kurusha ndege akaanza kuhangaika na mlango. Kwa hiyo ukifunguka, mama, uache. Tutaufunga chini." Nikamwambia mimi siugusi hata ukiimba.

Baba tulimkuta amekaa kwenye kiti, amevaa koti lake la ibada. Alikuwa amebaki mifupa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama kahawa imechanua. Kwa kuwa hakuweza kulala, rubani alimkalisha mbele, kiti cha pembeni yake, akamfunga mkanda. Mimi nikakaa nyuma ya baba na kopo la kutemea mate, maana alikuwa akikohoa na kutema tangu alipougua. Wote watatu tulivaa vile vifaa vya masikioni vyenye kipaza sauti, bila hivyo humsikii hata mtu uliyegusana naye bega.

Njia nzima hakusema kitu. Nilisikia pumzi yake tu masikioni mwangu, inakwaruza. Nilikuwa naomba Mungu, na nilichokuwa nikiomba si apone. Nilikuwa naomba afike, aseme, halafu afe. Mtoto kuomba hivyo ni uchungu, lakini ndivyo nilivyoomba.

Tulipokaribia Arusha upepo ulitulazimisha kuzunguka ili tutue tukitokea upande wa mji, na katika kule kuzunguka mlima ukajitokeza mbele yetu, Meru yote, na migomba yetu chini yake. Baba akaiona. Akanyanyua kichwa. Pumzi ilibadilika, nikaisikia imekuwa fupi fupi, nikajua na yeye amejua hatafika uwanjani. Akasema, "Fungua mlango."

Rubani alidhani haelewi. Akamjibu kwa heshima, "Mzee, tunatua sasa hivi."

"Nina neno. Fungua mlango."

Na mkono wake ukaenda kwenye komeo. Rubani aliudaka mkono ule kwa mkono wake mmoja, mwingine ukibaki kwenye usukani, na ndege ikayumba, nikagonga kichwa ubavuni mwa ndege. Nikapiga yowe, "Baba, sema tu! Tunakusikia humu humu!" Na ni kweli tulikuwa tukimsikia. Kila neno lilikuwa likiingia masikioni mwangu safi kama simu. Angesema pale pale, mambo yangekwisha. Lakini kwake ndege ile ilikuwa chumba kilichofungwa, na kile kipaza sauti ni kitu cha kunong'onea. Akawa anavutana na rubani, mgonjwa yule, sijui nguvu alizitoa wapi.

Rubani akafanya alichoweza. Akapunguza mwendo, akasema, "Mlango hapana, mzee. Dirisha." Akanyoosha mkono, akafyatua kidirisha cha upande wa baba, nacho kikanyanyuka kwa nje kikabaki kimeinuliwa na upepo chini ya bawa.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Karatasi za rubani ziliruka, kitambaa changu cha kichwa kikaenda. Na baba, kabla sijafanya lolote, akavua kile kifaa cha masikioni akakiweka mapajani, kama mtu anayevua kofia akiingia kwa wakubwa. Akageuza uso dirishani, akasema.

Alisema kwa muda. Midomo ilikuwa ikienda, niliiona kwa upande. Nami nikavua cha kwangu, nikajipenyeza kati ya viti hadi sikio langu likagusa shavu lake. Shavu lilikuwa la baridi na lilikuwa likitetemeka kwa maneno. Sikusikia hata moja. Injini na upepo, basi. Akamaliza, akatema mate kuelekea dirishani, upepo ukamrudishia kwenye koti. Akaegemea. Magurudumu yalipogusa lami, kichwa chake kilikuwa kinafuata mtikisiko wa ndege tu.

Kaka alikuja mbio na jani lake. Alipoona uso wangu akasimama, akauliza swali moja, "Alisema?" Nikamwambia, "Alisema." Akauliza amesema nini, nami nikamwambia ukweli, kwamba sikusikia.

Wazee walikaa siku mbili. Waliniuliza mbele ya watu nikajibu yale yale. Mmoja akasema mate ni baraka, kila mtu hapa anajua mzee akibariki hutema mate, basi amemsamehe. Mwingine akasema mgonjwa wa kifua hutema mate hata kwa adui. Mwishowe wakakubaliana kwamba neno la kwanza lilisikiwa na watu, la pili halikusikiwa na mtu, basi la kwanza linabaki. Baba mdogo ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Kaka alisimama ng'ambo ya mfereji, kwenye migomba ya jirani, na kwaya yake ikaimba bila yeye.

Baada ya matanga alikuja kwangu Elerai. Nilimpa chai hakuinywa.

"Uso wake ulikuwaje?" akauliza. "Aliposema."

"Ulikunjamana."

"Kwa hasira?"

"Kaka, upepo ule kila mtu uso wake ungekunjamana. Wa kwangu pia."

Akaisogeza chai kando. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Dada, ulikuwa peke yako na yeye kule juu. Rubani hajui Kimeru. Ungesema tu kwamba amenisamehe. Nani angekubishia?"

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia nisingeweza kumwekea baba maneno mdomoni, maiti yake ikiwa bado ina joto, na kama alitaka msamaha wa uongo angejitungia mwenyewe. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Mimi ningekuamini," akasema.

Hilo lilinikata maini. Nikakaa. Nilimtazama yule mzee mwenye mvi, kaka yangu niliyemkasirikia miaka yote ile, na nikaona kwamba ningeweza. Kwamba Mungu angenisamehe mimi kwa urahisi kuliko ukoo utakavyomsamehe yeye.

"Basi nisikilize," nikasema. "Alisema..."

Akatikisa kichwa.

"Nilidhani ulisikia ukanificha kwa hasira. Sasa nishajua hukusikia," akasema, na akainuka kwenda zake.