Hodi ya Mama Mwenye Ufunguo

Juzi mwanangu alikuwa akicheza kwenye simu mchezo wa maandishi matupu, hasira ikanipanda upya. Kule Gisenyi, mpakani na Congo, nikiwa mtoto baada ya vita, kaka alinitungia mchezo kama huo kwenye kompyuta ya baba iliyonuka vumbi la moto. Ikaandika: Uko mbele ya nyumba. Ingia au ondoka. Niliandika hodi, ikakataa.

“We andika ingia tu,” kaka akasema.

“Mutu anaingia nyumba ya watu bila hodi?” nilifoka.

Papo hapo ikasikika hodi ya kweli. Mama mmoja aliyerudi kutoka ukimbizini Congo, furushi kichwani, alisimama mlangoni ameshika ufunguo. Nilimchukia kwa kutukatizia mchezo, nikidhani amepotea.

“Ondoka!” baba alimfokea.

Leo najua ufunguo ule ulikuwa wa mlango wetu: nyumba tuliyoikuta tupu na kuhamia ilikuwa yake, aliiacha alipokimbia vita. Sisi ndio tulioingia bila hodi. Yeye alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe.