Mwenyekiti wa Maji

Mwenyekiti wa mradi wa maji Mitunguu hucheka kabla hata mzaha haujaisha. Matajiri wawili, Mithika na Kirimi, humgombania kila asubuhi, maana atakayempakia kwenye pikapu yake ndiye ambaye shamba lake litafunguliwa maji. Kwa mmoja hunywa chai, kwa mwingine hula nyama, na wote wawili yeye huwajibu, "Sawa kabisa, mkubwa." Juzi Mama Igoki, ambaye ndizi zake zilikuwa zikikauka, alimzuia barabarani, pikapu zote mbili zikiwa zinamngoja. "Mwenyekiti, leo wewe ni wa nani?" Mithika akapiga honi, Kirimi akafungua mlango wa gari. Mwenyekiti akakunja mikono ya koti, akainama, akafungua koki ya shamba la Mama Igoki kando ya barabara. "Tangulieni, wakubwa," akasema. "Mimi nangoja maji yafike kwenye mgomba wa mwisho."