Nimeshona kaniki ya bibi yangu, kamati ikataka nitembee nyuma ya mjukuu wangu

Wakuu, assalaam alaykum. Wasio Waislamu, khabari za kwenu.

Nnaandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Skuli niliishia darasa la nne. Lakini haya sikuhadithiwa na mtu. Nna mashahidi watatu wa nyumbani kwangu, ingawa mmoja wao sasa hivi hasemi na mie.

Hasira haijanishuka. Pahala mtakaponiona mkali, ni makusudi.

Mie ni mtu wa Unguja, nnakaa Maskati, Al Khoudh, kwa mwanangu Nassor. Kushona nimefunzwa na mama yangu. Nimewashonea watu magauni ya arusi hapa miaka na miaka mpaka macho yakachoka.

Mwaka huu sisi tuliotoka Unguja tukapanga siku ya kuwakumbuka wazee wetu. Ukumbi ukakodiwa. Kila ukoo uvae kama walivyovaa bibi na babu zao Unguja ya zamani, mpite mbele za watu, na mwenye maiki aeleze huyu nani na kavaa nini. Nguo za dukani hazitakiwi, mtu ashone.

Basi nikashona za watu wanne.

Nassor, kanzu na kizibao cha darizi. Mkewe, buibui la kamba, lile la kufungia kichwani. Mjukuu wangu Ruqaya nikamshonea suruali ya marinda na barakoa, ile ya Kiarabu ya kufunika uso, kama alivyovaa bibi yangu mzaa baba, Mwarabu wa Kiomani. Marinda yale yamenila wiki nzima. Ukikosea rinda moja, mguu wote unakwenda upande.

Mie nikajishonea nguo za bibi yangu mzaa mama. Kaniki mbili na ukaya.

Kwa msiojua, kaniki ni shuka ya pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi. Moja unafunga kifuani, moja unajitanda. Ukaya ni kitambaa chepesi cha kichwani. Wakivaa watumwa, na walioachwa huru, na maskini. Mama yake bibi alinunuliwa. Yeye bibi alizaliwa utumwani, akakulia huru, na kaniki akaivaa mpaka anakufa.

Sokoni Matrah nikaambulia kitambaa cheusi kinachong'ara na kuteleza kama samaki. Nikakikataa. Nikanunua marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, nikachanganya nili kwenye karai uani, nikaitia mwenyewe. Wiki nzima nnasali na vidole vya buluu.

Siku chache kabla ya shughuli tukaitwa nyumbani kwa Bi Salha, mwenyekiti wa kamati, Al Amerat, kila mtu na nguo zake zikaguliwe. Marinda ya Ruqaya yalipita mkono kwa mkono, mashallah, mashallah.

Kisha Bi Salha akaifungua kaniki. Akaishika kwa vidole viwili.

"Bi Zuwena, hii ya kudekia?"

"Ya kuvaa mie. Ya bibi yangu mzaa mama."

Akacheka, akawatazama wenziwe. "Habibti, sisi hatukuvaa hivi. Wakivaa watu wetu wa jikoni."

Nikamwambia, "Basi bibi yangu alikuwa ndiye huyo mtu wenu wa jikoni."

Walikuwamo wanawake kumi na kitu mle ndani. Wakuu, nusu yao nnawajua mpaka bibi zao. Tumezaliwa mtaa mmoja. Nnajua nani bibi yake akiuza mihogo kavaa kaniki kama ile ile. Wote ghafla wana kazi na simu zao.

Kesho yake Bi Salha akatuma voisi kwenye grupu. Eti kapata suluhisho. "Bi Zuwena avae tu kaniki yake, inanogesha historia. Ila atembee nyuma ya Ruqaya, hatua tatu, abebe sinia. Kwenye maiki tutasema huyu ni mtumishi wa nyumba."

Nyuma ya mjukuu wangu. Na sinia.

Nikangoja Nassor arudi kutoka kazini, nnajua mwanangu atakasirika kwa ajili yangu. Kweli alikasirika. Na mie.

"Mama, ama ukubali kama walivyosema, ama vaa barakoa kama wenzio."

"Kwa nini?"

"Posa ya Ruqaya."

Nieleze kidogo. Ruqaya kaposwa na watu wa hapa hapa, si wa Unguja. Huku kwenye ndoa watu wanatazama kufu, wanauliza asili ya mtu juu mpaka kwa mababu. Posa hatujaijibu, na wao bado wakiuliza uliza. Nassor kawaambia sisi Waarabu pande zote, baba na mama. Na mama wa kijana kaalikwa ukumbini, atakaa safu ya mbele.

Nikamwambia, "Umemfuta bibi yangu bila ya kuniuliza."

Akanijibu, "Mama, maiti hapotezi kitu. Ruqaya atapoteza."

Neno lile liliniuma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mie mkali lakini si mjinga. Mtoto kampenda yule kijana, nnaona anavyoishika simu.

Nikaenda chumbani kwake. Nikamwambia yote, ya utumwa na ya nili na ya sinia na ya baba yake. Nikamwambia, "Posa ni yako. Ukisema nisivae, nnaikunja nnaitia sandukuni, na sitolisema tena."

Akaniuliza, "Bibi, mie hili nilikuwa silijui. Na kwao hawajui?"

"Hawajui."

"Nikiolewa nitazaa. Na watoto niwafiche?"

Jawabu halikuwa langu.

"Vaa," akasema. "Na utangulie weye. Mie ndo ntakuwa nyuma."

Siku ya siku nikatangulia, mikono mitupu. Mwenye maiki akaanza kusoma karatasi aliyopewa, "Na huyu ni mtumishi wa nyumba ya..." Nikamwendea nikamnyooshea mkono, akanipa maiki. Mzee akikunyooshea mkono huna budi.

Nikasema, "Naitwa Zuwena. Nguo hizi ni za Tausi binti Mabruki, mzaa mama yangu. Alikuwa mpishi, na mama yake alikuwa mtumwa. Huyu nyuma yangu ni kilembwe chake." Nikamrudishia maiki yake nikaendelea na safari.

Walipiga makofi wachache, kule nyuma. Mama wa kijana hakungoja chakula.

Baada ya siku nne ikaja meseji kwa Nassor, kijana anataka kumaliza masomo kwanza. Masomo kamaliza zamani, ana kazi na gari.

Ruqaya kalia, sitowadanganya. Siku mbili nnamsikia kupitia ukutani, na sikuingia. Sasa anakwenda kazini, anakula, anaongea na mie. Kijana hajampigia, wala yeye hajampigia. Nassor ananiwekea dawa zangu mezani na kuondoka.

Lakini linalonichoma khasa ni hili. Wanawake wawili wa kamati ile ile, kila mmoja kwa wakati wake, wamekuja kwangu kwa mlango wa jikoni. Wanataka niwatilie nili kaniki, nao bibi zao walivaa, ila nisimwambie mtu. Nikawajibu sawasawa: nnashona, lakini utakuja kupimwa sebuleni, mlango wazi. Hajarudi hata mmoja.

Nililojifunza, wakuu. Ukiamua kuwashonea wazee wako, washonee wote. Ukimvika bibi mmoja marinda na ukamficha mwenziwe, hujamkumbuka hata huyo wa marinda, umejipamba tu. Na watu wa kukuficha hawatoki mbali, wanatoka kwenye grupu lako.

Uwanja ni wenu. Kama nimemkosea Ruqaya niambieni, hilo hata mie nnajiuliza, nitasoma na sitojibu kwa ukali. Ila asije mtu hapa kuniambia nimemkosea Bi Salha.