Sauti Iliyomdanganya Taratibu

Siku hiyo Turbo alikuja kwa miguu. Hilo lilimtisha dada kabla neno lolote halijasemwa, kwa sababu Turbo hakuwa mtu wa kutembea. Gari lake husikika tangu barabara ya pili, na watu wa gereji huwa wanaambiana "bwana mkubwa anaingia" kabla hata hajaonekana. Sasa alisimama mlangoni, mikono imening'inia, viatu vimejaa vumbi.

Dada alikuwa ndani ya gari la mteja, amepiga magoti sakafuni, akivuta uzi wa kiti cha nyuma. Kazi yake ni kushona viti vya magari, katika kona moja ya gereji ya Mzee Spana.

"Dada," Turbo alisema. "Hebu toka kwanza."

"Sema nikiwa humu humu."

"Ni kaka. Pale mlimani. Alikuwa analipita lori. Hatunaye."

Dada alimaliza mshono aliokuwa ameuanza. Akapiga fundo, akakata uzi kwa meno. Waliomwona walidhani hajasikia. Alikuwa amesikia vizuri kabisa. Akatoka garini, akamkazia Turbo macho, akauliza jambo moja tu.

"Ile koni yako ilikuwa bado imo?"

Turbo aliangalia chini.

Kaka yake dada alikuwa dereva wa teksi, na wenzake kijiweni walimwita Taratibu. Kijiwe chao kilikuwa nje ya hospitali, na wajawazito waliomjua walikuwa tayari kungoja arudi kuliko kupanda gari la mwingine. Tuta alilivuka kama mtu anayeruka mtoto aliyelala. Kabla ya kuwasha gari aliweka kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho, akaomba. Abiria mwenye haraka angekohoa, angeangalia saa, na Taratibu angemaliza sala yake mpaka amina. Mtu akibamiza mlango alimwambia kwa upole, "Mlango huo si adui yako, mama."

Wenzake walimtania kila siku. "Taratibu, yule mgonjwa ulimfikisha, au alipona njiani?" Mwingine naye: "Usimseme bwana, juzi kapitwa na jeneza." Walicheka, naye alicheka nao. Lakini dada yake alimjua tangu utotoni. Akitaniwa, mdomo ulicheka na masikio yakaiva.

Turbo alikuwa rafiki yake tangu enzi za kukimbiza matairi mabovu mitaani. Baadaye alifungua duka la urembo wa magari karibu na kituo cha mafuta. Aliuza stika, taa za rangi, vifuniko vya usukani, na koni. Hizo koni ndizo zilizokuwa zikimpa jina.

Chini ya boneti ya gari la kawaida kuna boksi jeusi la plastiki, na ndani yake imelala filta inayochuja vumbi kabla hewa haijaingia kwenye injini. Boksi hilo lina mdomo mrefu unaokwenda kuvuta hewa pembeni, nyuma ya taa, ambako injini haichomi. Turbo huling'oa boksi lote. Mahali pake hufunga bomba linalong'aa, na mwisho wa bomba filta yenye umbo la koni, iliyokaa wazi hapo hapo juu ya injini.

"Gari ni kama mtu, kaka," alimwambia Taratibu. "Wewe unaweza kukimbia umeziba pua? Liache lipumue, uone nguvu zake."

Taratibu aliliacha lipumue. Jioni moja aliingia nalo gereji likinguruma, akashuka anacheka mpaka jino la mwisho.

"Mzee, limekuwa gari jingine. Mlima ule linaupanda kama linasukumwa."

Mzee Spana hakuinuka kwenye kigoda chake. "Filta yako ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa kwenye buti, bado imo ndani ya boksi lake. Mzee aliitoa, akaigonga ukutani, likadondoka vumbi, majani makavu na mbawa za wadudu. Taratibu, mtu aliyeosha gari lake kila asubuhi mpaka ndani ya vitasa, hakuwahi kulifungua boksi lile tangu alinunue gari. Hakuna aliyemwambia kwamba nako kunasafishwa.

"Ungeweka filta mpya ya kawaida humu humu, gari lingekushukuru vile vile," Mzee alisema. "Haya, na huo mlima uliupanda saa ngapi?"

"Kabla ya koni niliupanda mchana, na abiria na mizigo yao. Baada ya koni niliupanda alfajiri."

"Na abiria?"

"Peke yangu."

Mzee Spana alicheka mpaka akakohoa. Dada naye alicheka. Taratibu hakucheka, na masikio yakaiva. Turbo, aliyekuwa ameegemea mlango, alisema, "Mzee, haya mambo ya siku hizi tuachie sisi." Boksi likaachwa gereji. Mzee Spana hatupi kitu kizima, akaliweka juu ya rafu.

Kijiweni wakampa jina jipya: Ngurumo. Na jina likaanza kumwendesha mtu. Kona alizokuwa akizisalimu sasa alizipita. Sala yake ilifupishwa. Dada aliketi pembeni yake siku moja, akaona kiganja kimegusa dashibodi na kuondoka kabla macho hayajafumbwa.

"Siku hizi unamwomba Mungu kwa haraka," alimwambia. "Kwani na Yeye ana abiria?"

"Ananisikia hata nikiwa gia ya nne, dada yangu."

"Wewe ndiye utakayeacha kumsikia. Kelele hizi zote."

Alicheka tu, akakanyaga mafuta ili asikie sauti ile tena.

Sasa msibani, nyumbani kwa mama, palijaa watu. Walimpa dada pole, wakamwambia ni mpango wa Mungu. Aliwaitikia wawili watatu. Wa nne alikuta kikombe kimefurika.

"Mungu hakufunga koni," dada alisema. "Tumsifu, tumlilie, lakini tusimsingizie."

Mama akamvuta mkono. "Mwanangu, watu wamekuja kutufariji."

Dereva wa lori naye alikuja. Aliketi karibu na mlango kama mtu asiye na haki ya kuketi, kofia mikononi. Mama ndiye aliyemwomba asimulie.

"Alikuwa nyuma yangu tangu mwanzo wa mlima," alisema. "Jua kali, nimebeba saruji, natambaa tu. Halafu nikamsikia anatoka. Mama, gari lile lilinguruma nikajua huyu keshanipita zamani. Naangalia kioo, bado yuko ubavuni kwangu. Na juu kuna gari linashuka."

Dereva wa gari lililokuwa likishuka alikuwa hospitali, mguu umevunjika. Kila mtu akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Dada pia alishukuru, kwa moyo wote. Lakini maneno ya "keshanipita zamani" yalimkaa kifuani kama mfupa. Ikiwa mtu wa nje alidanganywa na sauti ile, aliyeketi ndani yake angeponaje?

Ndipo akasikia mipango ya vijana wa magari. Turbo na wenzake walikuwa wametengeneza stika kubwa ya NGURUMO. Walitaka kuibandika kwenye gari la jeneza, kisha wamsindikize kwa msafara, koni zote zikinguruma mpaka makaburini. Mama alikuwa amekubali.

"Mama, hapana."

"Ni marafiki zake. Ndivyo wanavyojua kulia."

"Hiyo ndiyo sauti iliyomuua."

"Hiyo ni hasira yako inayosema." Mama alikuwa amechoka, hakupandisha sauti. "Niliambiwa gari lilipata nguvu. Mwanangu mwenyewe aliniambia, na sikumjua kuwa mwongo. Kama haikuwa kweli, Turbo aje aniambie kwa mdomo wake. Sitamnyima rafiki wa mwanangu kumzika kwa sababu wewe umekasirika."

Dada alifunga khanga kiunoni, akatoka. Alimkuta Turbo dukani, amekaa katikati ya stika zake.

"Twende mlimani na gari lako," alisema.

"Dada, leo?"

"Ulimuuzia kaka yangu nguvu. Nataka kuziona."

"Mimi nimefiwa kama wewe."

"Basi uchungu uliokutoa hapa kwa miguu ukurudishe garini. Nyanyuka."

Walipitia gereji. Gari la Turbo na la Taratibu yalikuwa ya aina moja, kwa hiyo Mzee Spana alishusha boksi kutoka kwenye rafu, akatia filta mpya ya kawaida, akachukua spana zake, akaketi nyuma. Dada akaketi mbele.

Waliteremka mpaka chini ya mlima, wakangoja lori lililosheheni, wakalifuata. Mchana kweupe, jua la utosi, lori likijikokota na wao nyuma yake. Karibu na kilele barabara hupanuka, malori yana upande wake na magari madogo yana upande wake. Walipofika pale dada alisema, "Haya. Lipite."

Turbo alikanyaga. Gari zima likajaa ngurumo.

Dada hajui injini, lakini viti anavijua. Ameshona migongo ya viti mpaka mgongo wake mwenyewe unajua kiti kinavyomsukuma mtu gari likiwa na haraka. Aliegemea, akangoja kusukumwa. Masikio yalikuwa yamejaa na mgongo haukupata kitu. Walipofika kwenye kibao cha kilele walikuwa bado ubavuni mwa lori.

Waliegesha. Mzee Spana alifungua boneti, akafunika kiganja kwa kitambaa kabla ya kugusa koni. "Mguse mwenyewe huyu anayepumua," alimwambia Turbo. "Ukitambaa nyuma ya lori, koni inameza joto la injini. Hewa ya moto ni nyepesi, haina cha kuipa injini."

"Magari ya mashindano yote yanafungwa hizi, Mzee."

"Gari la mashindano limefumuliwa lote. Injini si hii, bomba la moshi si hili, hata mafuta yamepangiwa upya. Hilo lina tumbo la kumeza hewa yote hiyo. Hili lako linashiba kwa boksi lililotoka nalo kiwandani." Tayari alikuwa anafungua skrubu.

Mara ya pili walipanda na boksi la Taratibu. Walingoja lori jingine lililosheheni, wakatambaa vile vile, jua lile lile, watu wale wale. Dada alisema, "Lipite." Hakuna kilichonguruma. Turbo alidhani gari limezimika, akatazama mishale ya dashibodi. Lakini kiti kilimgusa dada mgongoni, kidogo tu, na kibao cha kilele kilipofika lori lilikuwa nyuma yao.

"Tena," Turbo alisema.

Walirudia. Ikawa vile vile. Turbo aliegesha, akashika usukani kwa mikono yote miwili gari likiwa limesimama.

"Tofauti si kubwa," Mzee Spana alisema kutoka nyuma, kwa haki. "Asubuhi ya baridi, barabara tupu, labda usingeiona kabisa. Si koni iliyomtoa nyuma ya lori. Ni kuamini kwamba anayo nguvu."

"Na mimi niliamini," Turbo alisema. "Dada, Mungu ni shahidi. Sikumuuzia uongo ninaoujua."

"Ulimuuzia uongo usioujua. Bado ni wako." Dada hakumtazama. "Mwite Mungu shahidi ukifika kwa mama."

Turbo alifika kwa mama. Alikaa chini miguuni pake mbele ya watu wote, akasema, "Mama, gari la kaka halikupata nguvu. Lilipata kelele. Mimi nilimwambia ni nguvu." Mama alifunika mdomo kwa mkono. Kisha alimgusa Turbo kichwani, akasema msafara utakwenda, ila kila gari liwe kimya, na lisibandikwe kitu.

Dada hakumgusa. Alikuwa ameomba asubuhi ile, akamwambia Bwana wazi kwamba kusamehe ameagizwa na atasamehe, ila leo hawezi, asimlazimishe.

Walimzika Taratibu kabla jua halijapanda sana. Baadhi ya vijana walifungua koni zao usiku uliotangulia, wengine walitembea nyuma ya jeneza. Turbo alikuja na boksi la kaka likiwa bado limo garini mwake, na gari lilipopita watu hawakugeuza vichwa. Msafara ulikwenda polepole mno, wanawake waliotembea wakaufikia.

Mchungaji alisoma zaburi, akaomba. Alipofika kwenye jina alitaja lile la ubatizo, kisha akasema, "ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Taratibu," na abiria wake wa hospitali, waliobeba watoto mgongoni, wakaitikia kwa kilio.

Jeneza lilishushwa kwa kamba. Mama alitia udongo, akafuata dada. Vijana walipokezana kufukia. Turbo alisogea, akasimama mbele ya dada aliyekuwa ameshika koleo. Dada alimwachia koleo hilo, akarudi nyuma akasimama na mama yake. Kaburi lilipojaa walisawazisha udongo, wakaweka maua na msalaba, wakaimba wimbo mmoja mpaka mwisho. Dada alipiga goti, akaweka kiganja juu ya udongo, akafumba macho na kuomba bila haraka, mpaka amina.