Pembe ya Msala

Tulikuwa wanne. Mimi, binti yangu wa pili, anayefanya kazi ofisini Maskati, mumewe, ambaye mamake na mie tulikaa jamvi moja chuoni kwa maalimu, Unguja, kabla hatujaja huku Omani, na mjukuu wangu, binti yao, ndiyo kwanza kamaliza masomo. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao mpaka babu wa babu, lakini wenyewe wamenambia nisiyaandike, basi siyaandiki.

Safari ile ya Ulaya niliitilia shaka tangu hapa Ibra. Mkwe wangu si mtu wa kutumia ovyo. Kila mwaka likizo yao ni Salala, kusini ya Omani, kwenye manyunyu. Mwaka ule ghafla, ati Ulaya, na bibi lazima aende. Nikamwuliza kama tutakaa hoteli. Akasema hapana, wamekodi nyumba ya kale ndani ya mji mkongwe, nitaipenda.

Kwani mie hapa nakaa wapi? Nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu ni ya udongo na mawe, milango yake ya mti ina nakshi, na wageni wanaokwenda kulala jangwani, mchangani kule Mintirib, husimama wakaipiga picha. Mkwe wangu alishawahi kusema, kwa kucheka, kwamba nyumba ile ikitiwa viyoyozi watalii wataigombania. Na binti yangu alishasema, bila ya kucheka, kwamba mie nimeanza kusahau, bora nikakae nao Maskati. Maneno hayo mawili niliyaweka pamoja nikayafunga.

Nyumba ya huko ilikuwa ghorofa ya juu, ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa nyayo za watu. Dari ya maboriti, kama yangu. Dirishani pana kiti kikongwe kimebonyea, na ukutani saa kubwa ya kutia ufunguo. Mkwe wangu akazunguka akigusa kila kitu, vitasa, swichi, akapiga picha hata mabomba.

"Unaona, mama, nyumba ya kale inavyotunzwa? Na mwenyewe kakaa zake kwengine, hana tabu."

Nikamwambia nimeona, na nimeona pia choo hakina maji ya kujisafishia. Akacheka. Mie sikucheka.

Mjukuu wangu akanitafutia kibla kwenye simu, nikatandika msala wangu wa kusalia baina ya kitanda na dirisha. Sasa, sisi tulifunzwa kwamba ukishamaliza kusali huuachi msala wazi. Unaukunja pembe, Shetani asije akausalia. Mjukuu wangu huniuliza tangu lini Shetani akasali, lakini mkono wangu haujapata kuuacha msala bila ya kuukunja.

Siku ya pili tulitoka kwenda kuangalia mto. Tuliporudi, pembe ya msala imekunjuliwa, imelazwa sawasawa, na nyuzi za pindoni zimenyooshwa moja moja. Nikauliza nani kaugusa. Hakuna. Binti yangu akamtazama mumewe, na mumewe akamtazama yeye.

"Umesahau kuukunja, mama," akasema binti yangu, kwa ile sauti wanayosemeshwa wagonjwa.

"Yaani bibi, msala iko pale pale," akasema mjukuu wangu, "khalas, mbona unajitesa?"

Mtu wa nje hajui habari ya pembe, na mtu wetu hawezi kuikunjua. Basi ni mtu wetu mwenye jambo lake. Kesho yake nikahakikisha nimekuwa wa mwisho kutoka, na pembe nimeikunja nikaikandamiza kwa kiganja. Tumefika chini, mkwe wangu akasema kasahau chaja, akapanda tena. Tuliporudi jioni, msala umelazwa wazi. Safari hii sikuuliza. Nikamtazama anavyokula, na nikawa nishayaona yote: mama hana akili tena, mama anaona vitu, mama akae Maskati, na nyumba ya Ibra itiwe viyoyozi.

Siku iliyofuata nikasema goti linaniuma. Binti yangu alitaka kubaki na mimi, nikamkatalia. Walipokwenda, nikakaa nyuma ya mlango wa chumba, tasbihi mkononi, mkoba wangu nimeukalia. Namngoja mkwe.

Kitasa kikalia. Akaingia bibi wa Kizungu, makamo yangu, na sapatu za nyumbani miguuni. Hakuangaza macho kama mwizi. Alikwenda moja kwa moja kwenye saa, akatoa ufunguo mfukoni, akaitia. Akapitisha mkono juu ya meza. Akauona msala, akainama kwa tabu, mkono kiunoni, akaikunjua pembe na kuzinyoosha nyuzi. Halafu akenda kukaa kwenye kile kiti cha dirishani, na kiti kikamkaa sawa. Hapo nikajua nani aliyekibonya.

Nikakohoa. Maskini, aliruka. Lugha hatuna, basi nikamtilia kahawa na nikamsogezea tende za Ibra. Akala. Mkoba sikuutoa nilipouweka.

Wakatukuta hivyo hivyo. Mkwe wangu akaja juu, nani kampa ufunguo, akatoa simu awapigie waliotukodisha. Mjukuu wangu ndiye aliyezungumza na yule bibi kwa Kiingereza.

"Anasema hii nyumba yake," akatwambia. "Kazaliwa hapa. Watoto wake ndio wanakodisha, yeye wamempa chumba chini, nyuma ya ngazi. Wageni wakitoka ndio anapanda. Anaomba tusiwaambie watoto."

Nikamwambia mkwe wangu, "Na mie utanipa ufunguo, au nitangoja wageni watoke?"

Simu ikabaki mkononi. "Mama, ilikuwa fikra tu."

"Fikra gani?" binti yangu akauliza, na aliuliza haraka mno. Nikajua alikuwa anajua.

Hakuna aliyepiga simu. Siku zilizobakia, kila tukitoka naacha pembe imekunjwa, tukirudi naikuta imelazwa, na hakuna aliyenambia nimesahau.

Tangu turudi, habari ya nyumba haijatajwa. Ila juzijuzi mkwe wangu alikuja kunisalimia na mwenzake, ati wa kazini, na huyo mwenzake alisimama uani akiyatazama maboriti sana kuliko anavyotazama mtu aliyekuja kunywa kahawa. Nikamwuliza yeye mtoto wa nani, na sikuondoka pale mpaka wakaaga.

Wale watatu watayasoma haya. Huenda saa ilikuwa mkono wa kushoto wa dirisha, mie nikawa naiona kulia. Huenda chaja alisahau kweli. Nilipokosea nisahihisheni, sichukii. Lakini njooni mnisahihishe hapa hapa Ibra, nyumbani kwangu, na mkifika mpige hodi.